Namba tasa imo mara ngapi? Mwongozo wa kupima mgawanyiko kwa vipeo vya namba tasa

Ukiulizwa kama 1,234,576 inagawanyika kwa 32, unaweza kuchukua kalamu ukagawanya, na hakuna ubaya. Lakini ukiulizwa 1000! (zao la namba zote kuanzia 1 hadi 1000) inaishia na sifuri ngapi, kalamu haikusaidii, maana namba hiyo ina tarakimu zaidi ya 2,500. Na ukiulizwa kama 3¹⁰⁰ − 1 inagawanyika kwa 32, hata kikokotoo cha kawaida kitakupa jibu lililokatwa mkia, na mkia ndio uliokuwa unautaka.

Maswali haya matatu ni ya ukoo mmoja, na yote hujibiwa kwa tabia moja: shika namba tasa moja, zisahau nyingine zote, kisha uliza imo mara ngapi.

Hatua ya 1: Pima kina

Chukua 360. Igawanye kwa 2 unapata 180, tena 90, tena 45. Hapo 2 imekwama. Umegawanya mara tatu, kwa hiyo 2³ inaigawanya 360 lakini 2⁴ haiigawanyi. Hiyo 3 nitaiita *kina* cha 2 katika 360. Vitabu huandika v₂(360) = 3. Neno "kina" nimelichagua mwenyewe, kwa sababu nikisema "kipeo cha 2" nusu ya wasomaji watadhani nazungumzia kipeo cha pili, yaani namba mara yenyewe.

Endelea na 45: kina cha 3 ni 2, kina cha 5 ni 1. Kina cha 7 ni 0, maana 7 haimo kabisa. Alama ya hasi haibadilishi kitu, −360 ina vina vilevile. Sifuri ndiyo yenye vituko: unaweza kuigawanya kwa 2 milele bila kukwama, kwa hiyo kina chake hakina mwisho. Kabla ya kutumia kanuni yoyote iliyo hapa chini, hakikisha namba uliyoshika si sifuri.

Wanaoandika programu wana njia ya mkato kwa namba 2. Andika namba kwa tarakimu 0 na 1 pekee, kisha hesabu sifuri za mwisho. 360 ni 101101000, sifuri tatu mwishoni, kina 3. Umemaliza.

Hatua ya 2: Geuza kuzidisha kuwe kujumlisha

Ukizidisha namba mbili, vina vyake vinajumlishwa. Ukigawanya, vinatolewa. Ukipandisha namba kwenye kipeo cha n, kina kinazidishwa kwa n. Haya hayahitaji uthibitisho mrefu: kama a ina 2 tatu ndani yake na b ina 2 tano, ab ina 2 nane. (Kwa namba isiyo tasa kanuni hii inavunjika. 4 haimo katika 2 wala katika 6, lakini imo katika 12. Ndiyo sababu tunashikilia namba tasa.)

Kutokana na hapo mambo mengi ya darasani yanakuwa mepesi. Namba a inaigawanya b pale tu ambapo, kwa kila namba tasa, kina cha a hakizidi kina cha b. Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) hupatikana kwa kuchukua kina kidogo kwa kila namba tasa, na Kigawe Kidogo cha Shirika (KDS) kwa kuchukua kina kikubwa. Namba ni mraba kamili ikiwa vina vyake vyote ni shufwa. Na idadi ya vigawo vya 360 ni (3+1)(2+1)(1+1) = 24, kwa kuwa kila kigawo ni uamuzi wa kuchukua 2 ngapi, 3 ngapi na 5 ngapi.

Kosa la kuangalia hapa ni hili. Ukitaka kujua kama namba inagawanyika kwa 24, usijaribu 4 na 6 ukaridhika. Namba 12 inagawanyika kwa zote mbili, na kwa 24 haigawanyiki. Vunja 24 kuwa 8 na 3, kila namba tasa na kipeo chake kizima, kisha jaribu hizo.

Hata kuonyesha kwamba kipeuo cha pili cha 2 hakiandikiki kama sehemu ya namba kamili kunachukua mstari mmoja. Kama kingekuwa a/b, basi a² = 2b². Upande wa kushoto kina cha 2 ni shufwa, upande wa kulia ni witiri. Haiwezekani.

Hatua ya 3: Kuwa mwangalifu unapojumlisha

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo nenda polepole.

Ukijumlisha namba mbili zenye vina *tofauti*, jumla inachukua kina kilicho kidogo. 8 + 12: vina vya 2 ni 3 na 2, jumla ni 20, kina 2. Sababu ni kwamba ukitoa 4 nje ya mabano unabaki na 2 + 3, shufwa na witiri, na jumla yake ni witiri. Hakuna 2 nyingine ya kutoa.

Vina vikiwa *sawa*, unachoweza kusema ni kwamba kina cha jumla hakipungui. Kinaweza kubaki palepale au kupanda sana. 2 + 6 = 8: vina ni 1 na 1, jumla ina kina 3. Kwa 3, jumla 3 + 3 = 6 inabaki kina 1, lakini 3 + 6 = 9 inapanda hadi 2. Anayeandika "vina sawa, basi kina cha jumla ni kilekile" amebahatisha.

Sasa rudi kwenye 1,234,576. Kanuni ya tarakimu za mwisho inasema: kupima mgawanyiko kwa 2 angalia tarakimu moja ya mwisho, kwa 4 mbili, kwa 8 tatu, kwa 16 nne. Inafanya kazi kwa sababu 10⁴ = 2⁴ × 5⁴, hivyo kila kilicho kushoto kwa tarakimu nne za mwisho tayari kinagawanyika kwa 16. (Kwa 5, 25, 125 na 625 ni vilevile.) Tarakimu nne za mwisho ni 4576, na 4576 = 32 × 143. Kina chake ni 5. Je, 1,234,576 inagawanyika kwa 32?

Haigawanyiki. Namba hiyo ni 1,230,000 + 4,576. Sehemu ya kwanza ni 123 × 10⁴, kina 4. Sehemu ya pili ina kina 5. Vina ni tofauti, jumla inachukua kidogo, yaani 4. Ukitaka kuhakikisha, 1,234,576 ÷ 16 = 77,161, witiri. Tarakimu nne za mwisho zina mamlaka hadi 16 tu, na zikikuonyesha kina 5 usizisikilize. Kwa 32 lazima uangalie tarakimu tano, 34,576.

Kanuni hiihii ya vina tofauti inathibitisha jambo ambalo kwa macho halionekani. Jumla 1 + 1/2 + 1/3 + … + 1/n haiwi namba kamili kamwe, n ikianzia 2. Jaribu hadi 6. KDS ya 1 hadi 6 ni 60, na viasi vinakuwa 60, 30, 20, 15, 12, 10. Vyote ni shufwa isipokuwa 15, kile cha 1/4. Jumla ni 147, witiri, juu ya asili 60 ambayo ni shufwa. Witiri haigawanyiki kwa shufwa, basi. Na si bahati ya 6: kati ya 1 na n kuna kipeo kikubwa kuliko vyote cha 2, tuseme 2ᵏ, na hakuna namba nyingine humo inayogawanyika kwa 2ᵏ, kwa sababu inayofuata ingekuwa mara mbili yake na ingepita n. Daima kiasi kimoja tu ndicho witiri.

Hatua ya 4: Usivuke mipaka ya jumla ya tarakimu

Kwa 3 na 9 tunajumlisha tarakimu. Mtu mwenye haraka husema: basi kwa 27 pia. Jaribu 1899. Tarakimu zake zina jumla 27, lakini 27 × 70 = 1890, baki 9. Na 27 yenyewe ina jumla ya tarakimu 9. Kanuni inakosea pande zote mbili.

Chanzo chake ni kwamba 10 ikigawanywa kwa 9 inabaki 1, lakini kwa 27 inabaki 10. Bahati nzuri 999 = 27 × 37, hivyo 1000 ikigawanywa kwa 27 inabaki 1. Kwa hiyo kata namba katika mafungu ya tarakimu tatu kuanzia kulia, kisha yajumlishe. 12,345,669 inakuwa 12 + 345 + 669 = 1026 = 27 × 38. Inagawanyika.

Hatua ya 5: Faktoriali

100! ni zao la namba zote kuanzia 1 hadi 100. Kupata kina cha 5, usihesabu namba hiyo. Hesabu vigawe. Kuna vigawe 20 vya 5, kila kimoja kinachangia 5 moja. Kati yake vigawe 4 vya 25 vinachangia ya pili. 125 imepita. Jumla 24.

Kwa vitendo, ukitaka kina cha namba tasa p katika n!: gawanya n kwa p, tupa baki, gawanya tena jibu, tupa baki, hadi ufike sifuri, kisha jumlisha majibu yote. 1000 kwa 5: 200, 40, 8, 1. Jumla 249. Kila sifuri ya mwisho inahitaji 2 moja na 5 moja, na 2 zimejaa kuliko 5, kwa hiyo 1000! inaishia na sifuri 249.

Kanuni hii hubeba jina la Mfaransa Adrien-Marie Legendre (1752–1833), na ina sura ya pili ninayoipenda zaidi. Andika n katika kizio cha p (yaani kwa tarakimu 0 hadi p − 1 pekee, kila safu ikiwa na thamani mara p ya safu iliyo kulia kwake), jumlisha tarakimu zake, toa jumla hiyo kwenye n, kisha gawanya kwa p − 1. Namba 100 katika kizio cha 2 ni 1100100, tarakimu zina jumla 3, kwa hiyo kina cha 2 katika 100! ni (100 − 3) ÷ 1 = 97. Katika kizio cha 5 ni 400, jumla 4, na (100 − 4) ÷ 4 = 24, kama tulivyopata.

Namba ya kugawanyia ikiwa si tasa, usikimbilie namba tasa yake kubwa. 12 imo mara ngapi ndani ya 100!? 12 = 2² × 3. Kina cha 2 ni 97, kinatosha jozi 48. Kina cha 3 ni 33 + 11 + 3 + 1 = 48. Sare! Hapa aliyeangalia 3 peke yake amepona. Lakini 3! = 6 ina 3 moja na haigawanyiki kwa 12, kwa kuwa 2 ndiyo iliyopungua. Pima zote, chukua ndogo.

Hatua ya 6: Hesabu mara unazobeba

Idadi ya njia za kuchagua vitu m kati ya n ni n! ÷ (m! × (n − m)!). Unaweza kutumia hatua ya 5 mara tatu. Ila mwaka 1852 Mjerumani Ernst Kummer alionyesha njia ambayo, mara ya kwanza kuiona, inafanana na mazingaombwe: jumlisha m na n − m katika kizio cha p, na uhesabu ni mara ngapi umebeba 1 kwenda safu ya kushoto. Idadi hiyo ndiyo kina.

Njia za kuchagua 4 kati ya 10 ni 210 = 2 × 3 × 5 × 7. Tujumlishe 4 na 6. Katika kizio cha 2: 100 + 110 = 1010, tumebeba mara moja. Kizio cha 3: 11 + 20 = 101, mara moja. Kizio cha 5: 4 + 11 = 20, mara moja. Kizio cha 7: 4 + 6 = 13, mara moja. Kina 1 kila mahali, sawasawa na 210.

Ukirudi kwenye sura ya pili ya Legendre, siri inafichuka. Kila unapobeba, p moja katika safu inageuka 1 katika safu inayofuata, hivyo jumla ya tarakimu inapungua kwa p − 1. Na p − 1 ndiyo tuliyokuwa tunagawanyia.

Faida yake ya haraka: 15 katika kizio cha 2 ni 1111. Popote penye 1 katika m, 15 − m ina 0, na kinyume chake. Hubebi kamwe. Kwa hiyo njia za kuchagua kati ya vitu 15, uchague vingapi upendavyo, daima ni idadi witiri: 15, 105, 455, 1365, 3003, 5005, 6435.

Hatua ya 7: Tofauti ya vipeo, aⁿ − bⁿ

Hii ndiyo hatua yenye nguvu kuliko zote, na yenye masharti mengi kuliko zote. Yasome masharti kwanza: p ni namba tasa *witiri*, p inaigawanya a − b, na p haigawanyi a wala b. Yakitimia yote:

vₚ(aⁿ − bⁿ) = vₚ(a − b) + vₚ(n)

Mfano mdogo unaonyesha kinachotokea ndani. 10³ − 1 = (10 − 1)(100 + 10 + 1) = 9 × 111. Mabano ya pili yana namba tatu, kila moja ikigawanywa kwa 3 inabaki 1, kwa hiyo jumla inagawanyika kwa 3. Kwa 9 haigawanyiki. Kina kimepanda kwa 1 kamili, si zaidi. Kama n ingekuwa 2 au 4, mabano hayo yasingekuwa na 3 hata moja. Kila 3 iliyo ndani ya n inaongeza daraja moja, na kilichobaki katika n hakiongezi chochote.

Kwa hiyo kina cha 3 katika 10²⁷ − 1 ni 2 + 3 = 5. Igawanye kwa 9 na unapata namba yenye tarakimu 27, zote 1, yenye kina 3. Inagawanyika kwa 27, na kwa 81 haigawanyiki.

Kama p haiigawanyi a − b, usikate tamaa, tafuta kipeo kidogo ambacho kinaleta mgawanyiko. 7 haiigawanyi 2 − 1, lakini 2³ − 1 = 7. Basi 2²¹ − 1 isome kama 8⁷ − 1, na kina cha 7 ni 1 + 1 = 2. Hakika, 2,097,151 = 49 × 42,799. Kipeo hicho huhitaji kukitafuta mbali: kwa nadharia ya Fermat, p − 1 kinatosha daima, ingawa mara nyingi kidogo zaidi kinapatikana. Swali la kando: ni lini 2ᵖ⁻¹ − 1 inagawanyika kwa p² moja kwa moja? Namba tasa zinazojulikana ni mbili tu, 1093 aliyoigundua Meissner mwaka 1913 na 3511 aliyoigundua Beeger mwaka 1922.

Kama p inazigawanya a na b zote mbili, itoe nje kwanza. 6ⁿ − 3ⁿ ni 3ⁿ(2ⁿ − 1), na kazi inabaki kwenye mabano.

Halafu kuna 2, mkaidi wa familia. 3² − 1 = 8, kina 3, wakati kanuni ya juu ingekupa 1 + 1 = 2. Kosa linatoka kwenye a² − b² = (a − b)(a + b): a + b inaweza kuwa na kina chochote. Baada ya mara hiyo moja, mambo yanatulia, kwa sababu mraba wa namba witiri ukigawanywa kwa 4 unabaki 1, hivyo a² + b² ina kina 1 tu. Kwa a na b witiri na n shufwa:

v₂(aⁿ − bⁿ) = v₂(a − b) + v₂(a + b) + v₂(n) − 1

Na n ikiwa witiri, kina ni cha a − b tu, hakiongezeki.

Sasa 3¹⁰⁰ − 1: kina cha 2 ni 1 + 2 + 2 − 1 = 4. Inagawanyika kwa 16, kwa 32 haigawanyiki.

Zoezi moja la kupimia mkono

Tafuta namba zote n, kuanzia 1, ambazo 2ⁿ inaigawanya 3ⁿ − 1.

Kama n ni witiri, kina cha 2 katika 3ⁿ − 1 ni kile cha 3 − 1, yaani 1. Tunahitaji kina kisichopungua n, kwa hiyo n = 1 pekee. Kama n ni shufwa, kina ni 2 + v₂(n), na tunahitaji v₂(n) isipungue n − 2. Lakini hapo n ingekuwa kigawe cha 2ⁿ⁻², na isingeweza kuwa ndogo kuliko hicho. Kwa n = 2: 2⁰ = 1, sawa. Kwa n = 4: 2² = 4, sawa kwa nywele. Kwa n = 6: 2⁴ = 16, imeshapita 6, na kuanzia hapo pengo linazidi kupanuka. Majibu ni 1, 2 na 4, na unaweza kuyahakiki kwa kichwa: 2 ÷ 2, 8 ÷ 4, 80 ÷ 16.